Kununua trekta lililotumika au kuendelea kukodi: ulinganisho kwa mkulima wa ekari 20

Mvua ya Kongwa, mkoani Dodoma, ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, na ifikapo Aprili huwa imeaga, kwa hiyo mkulima wa mahindi na alizeti katika wilaya hiyo, hata yule wa vijiji vinavyolizunguka soko la mahindi la Kibaigwa, kama mwenzake wa wilaya jirani ya Kiteto, ana wiki chache tu za kulima na kupanda kabla unyevu haujamsaliti. Katika wiki hizo hizo kila mtu analitafuta trekta, na mwenye trekta hupokea simu kutoka vijiji vitano kwa siku moja. Mkulima mwenye ekari 20 huahidiwa Jumatatu, akaliona trekta Alhamisi ya wiki inayofuata, na wakati huo jirani yake aliyewahi tayari ana mahindi yenye majani manne. Hapo ndipo wazo la kununua trekta lililotumika huzaliwa. Kwa kuwa huzaliwa katika hasira, mara nyingi halipimwi vizuri.

Makala haya yanalinganisha njia hizo mbili, yaani kununua trekta lililotumika na kuendelea kukodi, kwa mkulima wa ukubwa huo, na kugusia kwa ufupi njia nyingine zilizo karibu nazo. Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji aupime anaposoma: idadi ya ekari zako mwenyewe si kipimo cha kukutosha kuamua. Kinachoamua ni ekari ngapi trekta hilo litalima kwa mwaka mzima, zako na za wengine zikijumlishwa, na ni hasara kiasi gani unaipata kweli, si kwa hisia, kwa kusubiri trekta la mtu mwingine.

Hesabu ya kukodi na hesabu ya kumiliki

Kukodi ni hesabu nyepesi. Tuchukue bei ya mfano ya shilingi 60,000 kwa ekari moja ya kulima kwa plau la diski, na mkulima wa ekari 20 atalipa shilingi 1,200,000 kwa msimu, basi. Hatengenezi kitu, hatafuti dereva, halali macho akisikiliza kama kuna mtu anafyonza dizeli usiku. Bei inatofautiana kati ya kijiji na kijiji na hupanda mvua inapokaza, kwa hiyo kila msomaji aweke ya kwake, lakini njia ya kukokotoa itabaki ile ile.

Kumiliki ni hesabu yenye matabaka, na tabaka la kwanza ni lile ambalo wengi hulisahau kwa sababu halidai risiti. Tuseme trekta lililotumika la nguvu ya wastani limepatikana kwa shilingi milioni 24, plau la diski mbili kwa milioni 3, na ukaweka pembeni milioni 3 nyingine za matengenezo ya mwanzo, ambazo nitazieleza baadaye. Jumla ni milioni 30. Ukilitumia kwa miaka 10 na kisha ukaliuza pamoja na plau lake kwa milioni 12, utakuwa umepoteza thamani ya milioni 18, ambayo ni shilingi 1,800,000 kwa kila mwaka. Zaidi ya hapo, fedha zilizolala ndani ya chuma zingeweza kununua mbolea, ng'ombe au mahindi ya kuweka ghalani yakisubiri bei. Kwa kiasi cha asilimia 10 ya wastani wa thamani yake katika miaka hiyo, ambao ni milioni 21, unapata shilingi 2,100,000 kwa mwaka. Ongeza shilingi 300,000 za banda, vibali na ulinzi, na utaona kwamba trekta linakugharimu shilingi 4,200,000 kila mwaka hata kama halijagusa udongo. Aliyelinunua kwa mkopo wa riba kubwa zaidi ya hiyo atakuwa na mzigo mzito zaidi, na yeye hatakiwi kukadiria, kwa sababu tarehe ya marejesho itamkumbusha.

Tabaka la pili ni gharama ya kila ekari. Kulima kwa plau la diski hula dizeli ya kati ya lita 6 na 10 kwa ekari kutegemea ugumu wa udongo, kina cha plau na hali ya injini. Tukichukua lita 7 kwa shilingi 3,000 tunapata 21,000. Dereva na utingo wake wachukue 6,000, na oili, filta, diski zinazoisha, matairi na matengenezo yatengewe 9,000 kwa ekari. Jumla ni shilingi 36,000. Kila ekari unayolima kwa trekta lako, iwe yako au ya jirani anayekulipa 60,000, inakuachia shilingi 24,000 za kuzibia lile pengo la milioni 4.2.

Gawanya 4,200,000 kwa 24,000 na utapata ekari 175. Hizo ndizo ekari ambazo trekta la mfano wetu linapaswa kulima kila mwaka ili mwenyewe asiwe amepata wala kupoteza akilinganishwa na aliyekodi. Ekari zake 20 zinachangia shilingi 480,000 tu. Nyingine 155 lazima zitoke kwa watu wengine, na zitoke ndani ya msimu. Plau la diski mbili likivutwa na trekta la nguvu za farasi 45 hulima takriban ekari 5 katika siku ndefu ya kazi, ukihesabu kugeuza, kujaza mafuta na kuhamia shamba jingine, kwa hiyo ekari 175 ni siku 35 kamili. Katika wiki sita za kilimo, ukiondoa siku ambazo udongo umelowa kiasi cha gurudumu kuzama na siku ambazo fundi yuko chini ya trekta, siku 35 zinapatikana kwa shida. Hii ndiyo sababu trekta la mkulima mdogo linalolima tu, bila kazi nyingine, mara nyingi linamla mwenyewe polepole, ijapokuwa mfukoni huingia noti kila jioni ya Desemba na kumfanya ajihisi tajiri.

Tela hubadilisha picha hiyo kuliko kitu kingine chochote. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, kuna mahindi ya kutoa shambani kwenda barabarani au Kibaigwa, kuna mchanga, matofali, maji na kuni za kubeba, na kazi hizo hazina msimu mwembamba kama kulima. Tuseme tela lililotumika limeongeza gharama ya shilingi 800,000 kwa mwaka, na kila safari ikakuachia shilingi 25,000 baada ya mafuta na dereva. Safari 32 za kwanza zitalilipia tela lenyewe, na kila safari 80 zinazofuata zitaleta milioni 2, kiasi ambacho kinaondoa ekari 83 katika zile 175. Mashine ya kupukuchua mahindi inayozungushwa na PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha mashine nyingine, hufanya kazi ya aina hiyo hiyo katika miezi ya mavuno. Kwa hiyo anayesema ananunua trekta ili alime ekari zake 20 ananunua kitu kisichomfaa. Anayesema ananunua trekta la kubeba mizigo ya vijiji vitatu, ambalo pia litamlimia yeye kwanza, anazungumza lugha ya hesabu.

Bei ya kusubiri

Hata hivyo hesabu ya hapo juu imemwonea mnunuzi upande mmoja, kwa kuwa haikutaja kabisa kile kilichomsukuma kufikiria kununua, yaani kuchelewa. Katika eneo la mvua ya msimu mmoja, mahindi yaliyopandwa wiki mbili nyuma ya wakati hutoa mbelewele mvua ikiwa inakatika, na hapo hakuna mbolea inayoweza kuyaokoa. Ikiwa kuchelewa kulikupunguzia gunia 2 kwa ekari katika ekari 20, umepoteza gunia 40, na kwa bei ya shilingi 60,000 kwa gunia hiyo ni shilingi 2,400,000. Hasara hiyo ya kila mwaka ikiondolewa katika ile milioni 4.2, inabaki 1,800,000, na ekari za kulima ili usipoteze zinashuka kutoka 175 hadi 75. Hapo kununua kunaanza kuwa na maana hata kwa mtu asiye na tela.

Nimesema hasara ya kila mwaka kwa makusudi. Mkulima akikaa chini na daftari lake, huenda akagundua kwamba trekta la kukodi lilimchelewesha mara moja katika misimu miwili, na katika msimu mmoja kati ya hiyo mvua yenyewe ilichelewa hivyo kila mtu alipanda pamoja. Kama ni nusu ya misimu tu, hasara ya wastani ni milioni 1.2 kwa mwaka, na ekari zinazotakiwa zinapanda hadi 125. Pia kuna njia ya kununua muda bila kununua trekta. Kumlipa mwenye trekta nusu ya fedha mwezi wa Septemba au Oktoba, wakati mfuko wake umekauka na trekta lake linadai matairi, mara nyingi hukuweka mbele ya foleni kwa gharama ndogo kuliko riba ya mkopo. Wengine hulima kabla ya mvua, udongo ukiwa mkavu, jambo linalotumia dizeli zaidi na kulichosha plau, ila linaondoa foleni yote. Na wapo ambao bado hupanda kwa kuberega, wakipalilia juu juu bila kulima, nao huwahi mvua ya kwanza kuliko sisi sote, ingawa mavuno yao hutegemea sana jinsi mvua hiyo itakavyokaa.

Ningemshauri mtu aanze na hizi za bei nafuu kwa msimu mmoja kabla hajauza ng'ombe wake.

Ng'ombe, pawatila na trekta la ushirika

Plau la kukokotwa na ng'ombe hulima nusu ekari hadi ekari moja kwa siku, kwa hiyo kwa mwenye ekari 6 au 8 halina mshindani, kwa kuwa maksai huongezeka thamani wakati trekta linapungua, na mwisho wake ni mnadani na si kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kasoro yake katika nchi ya Wagogo inajulikana: kazi inahitajika pale pale malisho yanapokuwa yamekwisha na ng'ombe wamekonda, na kwa ekari 20 jozi moja haitoshi.

Pawatila, zile mashine za magurudumu mawili zilizoenea sana nchini baada ya kaulimbiu ya serikali ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, zina nguvu za farasi kati ya 12 na 16 na zimethibitisha thamani yake katika majaruba ya mpunga ya Mbarali, Kilombero na Mwea kule Kenya. Katika udongo mkavu na mgumu wa Dodoma hurukaruka juu, na anayeisukuma huchoka kabla yake.

Kununua kwa pamoja kupitia kikundi, SACCOS (chama cha kuweka na kukopa) au AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) hugawanya ile gharama ya milioni 4.2 kwa watu kumi, na kwenye karatasi ndiyo njia bora kuliko zote. Tatizo lake halipo kwenye karatasi. Watu kumi wanaolima katika kijiji kimoja wananyeshewa na mvua siku moja, na kikundi ambacho hakijaandika kabla ya msimu nani analimiwa wa kwanza, na zamu hiyo inavyozunguka mwaka unaofuata, kitaandika baada ya ugomvi. Kikundi ambacho mashamba ya wanachama wake yako katika maeneo mawili yanayopokea mvua kwa nyakati tofauti kina nafasi nzuri zaidi, na sijui kwa nini jambo hili halizingatiwi mara nyingi.

Kama ni kununua, trekta lipi

Tukubali sasa kwamba mkulima wetu amepiga hesabu na kupata ekari na mizigo ya kutosha. Soko litampa makundi matatu ya kuchagua.

La kwanza ni matrekta mepesi ya Massey Ferguson, hasa 135 lililoundwa kati ya 1964 na 1975, na 240 lililofuata, yote yakiwa na injini ya Perkins ya silinda 3 yenye nguvu za farasi zipatazo 45. Ni matrekta ya teknolojia ya zamani kabisa, bila umeme wa kuzungumzia zaidi ya stata na taa, na fundi wa kijijini anaweza kuishusha injini yake chini ya mwembe na kuifunga tena. Ubora wao mkubwa kwa mnunuzi wa leo ni vipuri. Kampuni ya TAFE ya India na Millat ya Pakistan ziliendeleza uundaji wa matrekta ya aina hii muda mrefu baada ya kiwanda cha Coventry kule Uingereza kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo ringi, slivu, diski za klachi na pampu za haidroliki zinapatikana Gerezani jijini Dar es Salaam kwa madaraja tofauti ya ubora na bei. Udhaifu wao ni uzito na nguvu: katika udongo mgumu huvuta diski mbili, na anayelazimisha tatu ataliona gurudumu la mbele likinyanyuka na klachi ikinuka.

La pili ni Massey Ferguson 290 na ndugu zake wa nguvu za farasi zipatazo 80, wenye injini ya silinda 4, pamoja na Ford 5000 na 6600. Hawa huvuta diski tatu na kufikia ekari 8 kwa siku, na tela lililojaa haliwatishi. Kwa mtu ambaye mpango wake ni kulimia wengine, hili ndilo kundi lake, maana msimu ni mfupi na kinachouzwa hasa ni ekari kwa siku. Lakini matairi yake ya nyuma ni makubwa na ghali, unywaji wake wa dizeli ukiwa unabeba mzigo mdogo ni hasara tupu, na kwa Ford vipuri havipatikani kwa wepesi ule ule wa Massey ukishatoka nje ya miji mikubwa. Kwa ekari 20 pamoja na mizigo ya vijiji vya jirani ningechagua 240 zima kuliko 290 lililochoka, hata kama bei ni moja, na ningefanya hivyo bila kusitasita.

La tatu ni matrekta madogo yaliyotumika kutoka Japani, Kubota, Yanmar na Iseki ya nguvu za farasi kati ya 15 na 30, mara nyingi yakiwa na mvuto wa magurudumu yote manne na rotaveta, yaani visu vinavyozunguka kusaga udongo, nyuma. Yanapendeza macho, yana saa chache kwenye mita, na katika bustani ya mboga au jaruba la mpunga ni mashine bora. Ila mengi yaliundwa kwa soko la ndani la Japani, kwa namba za modeli ambazo hazimo katika katalogi za vipuri za nje, na maandishi ya vibao vyake hayasomeki kwetu. Rotaveta kwenye udongo wa Kongwa wenye visiki na mawe huvunja visu haraka. Hili si kosa la trekta. Limepelekwa mahali lisipotengenezewa.

Kongwa yenyewe ina kumbukumbu ya jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapo mradi mkubwa wa karanga, na kwa kuwa matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, yalinunuliwa yaliyotumika, mengi yakiwa mabaki ya jeshi. Sehemu kubwa iliharibika ndani ya miezi michache. Vipuri vilikuwa mbali, madereva walikuwa wamefundishwa kwa haraka, na ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu kuliko ilivyotarajiwa, ikazila plau kama msasa. Mradi ulifungwa 1951. Waliokuwa na fedha za serikali nzima walishindwa kwa sababu zile zile zinazomshinda leo mtu mwenye milioni 24.

Lililotumika hapa nchini au lililotoka ng'ambo

Trekta lililoingizwa karibuni kutoka Ulaya hupakwa rangi nyekundu inayong'aa na huuzwa kwa bei ya juu kwa kuwa halijawahi kuvuta diski kwenye udongo wetu. Hilo ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini mengi ya matrekta hayo yalifanya kazi kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa yakiwa na loda, yaani mkono wa kunyanyulia mizigo, mbele, kwa hiyo ekseli ya mbele, pini na bushi zake zinaweza kuwa zimekwisha wakati injini ni nzima. Jambo jingine ambalo wanunuzi wetu hawalitazamii ni kwamba Wazungu hujaza maji kwenye matairi ya nyuma ili kuongeza uzito, na ili maji hayo yasigande wakati wa baridi huchanganya chumvi ya kalsiamu, ambayo hula rimu kutoka ndani. Kagua mahali vali inapoingilia kwenye rimu. Rangi mpya iliyovimba hapo inaficha kutu.

Trekta lililofanya kazi hapa halifichi uso wake. Unaweza kumpata dereva wake wa zamani, ukamnunulia chai, na katika nusu saa ukajua yale ambayo dalali hatakwambia kwa wiki nzima: kama liliwahi kuchemka, kama giaboksi ilifunguliwa, kama lililima usiku na mchana kwa madereva wawili. Unaweza pia kuliona likilima. Ubaya wake ni kwamba limefanya kazi ngumu, na mita yake ya saa huenda ilikufa zamani. Kwa mnunuzi asiye na uzoefu naona la hapa nchini, lenye historia inayofuatilika ndani ya wilaya mbili au tatu, ni salama zaidi kuliko la ng'ambo lenye rangi mpya. Kwa mwenye fundi wake wa kuaminika, la ng'ambo linaweza kuwa bora na kudumu zaidi.

Kwa yote mawili karatasi zikaguliwe kabla ya injini. Namba ya chesesi iliyo kwenye kadi ya usajili isomwe pia kwenye trekta lenyewe, jina la muuzaji lifanane na la kadi au awepo mwenye jina hilo, na iulizwe waziwazi kama trekta limewekwa rehani kwenye benki au chama chochote. Mkataba uandikwe na kushuhudiwa, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Siku ya kulikagua

Fika asubuhi bila kutangaza saa, na uweke mkono kwenye injini. Ikiwa ni ya moto, mtu ameiwasha mapema ili usione inavyohangaika kuwaka ikiwa baridi, na hapo una haki ya kuondoka na kurudi kesho. Injini baridi ikitoa moshi mweupe kidogo kisha ukaisha, si neno. Moshi wa bluu unaoendelea unamaanisha oili inaungua, na mara nyingi ni ringi na slivu. Moshi mweusi wakati wa kuvuta mzigo huelekeza kwenye nozeli, pampu yake, au kichujio cha hewa kilichoziba. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Mvuke ukisukuma kwa nguvu, shinikizo linapita kando ya pistoni. Vuta kijiti cha oili na uangalie kama oili imekuwa na rangi ya maziwa, dalili ya maji kuingia, kisha angalia rejeta kama ina utando wa mafuta.

Baada ya hapo trekta lilime, na si mita ishirini, bali saa nzima. Haidroliki iliyochoka hunyanyua plau vizuri mafuta yakiwa baridi na kuanza kutetemeka au kushindwa yakishachemka, kwa hiyo nyanyua na kushusha plau mara nyingi mwishoni mwa saa hiyo, si mwanzoni. Tazama pia geji ya shinikizo la oili wakati huo huo. Kwenye matrekta ya Massey yenye klachi ya hatua mbili, kanyaga pedali nusu: trekta lisimame huku PTO ikiendelea kuzunguka, na ukikanyaga hadi chini PTO nayo isimame. Zungusha usukani na uhesabu uchezaji kabla magurudumu hayajaitika. Pita gia zote, hasa ile ya kazi nzito, ukisikiliza mlio wa difu, kwa kuwa gia inayochomoka yenyewe katikati ya tuta ni ishara ya giaboksi inayodai fedha nyingi.

Fundi atakayekusindikiza asiwe amependekezwa na dalali, na umlipe wewe mwenyewe siku hiyo hiyo, hata kama jibu lake litakuwa "liache". Zile milioni 3 za matengenezo ya mwanzo nilizozitaja ni kwa ajili ya orodha atakayokuandikia: oili zote zibadilishwe, filta zote, mipira ya maji, bushi za mbele, pengine matairi mawili. Trekta ambalo orodha yake inazidi kiasi hicho si lazima uliache, lakini kinachozidi kitoke kwenye bei ya muuzaji. Na dereva mtafute kabla ya trekta. Dereva mzuri husikia klachi inapoanza kuteleza na kuacha kazi. Mwingine huendelea kuchapa kwa sababu analipwa kwa ekari. Tofauti kati yao katika msimu mmoja inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya bei kati ya matrekta mawili uliyokuwa ukiyalinganisha. Kama unaweza, mlipe kwa siku badala ya ekari, na umpe nyongeza mwisho wa msimu ikiwa trekta limerudi zima.

Kuhusu mwezi wa kununua, Julai na Agosti ni miezi mizuri, kwa sababu mahindi yameuzwa, fedha ipo, na udongo umekauka kiasi kwamba saa moja ya kulima itakuonyesha udhaifu ambao ungefichika kwenye udongo laini. Kuna pia nafasi ya kubeba mizigo ya mavuno na kuyagundua matatizo madogo wakati mafundi hawana foleni. Novemba bei hupanda, na walio na matrekta mazima huwa wameanza kupokea fedha za kutangulia kutoka kwa wateja wao. Trekta linalouzwa Kibaigwa wiki moja kabla ya mvua linahitaji maswali zaidi ya yote niliyoyaandika hapa, yakianzia na hili: kwa nini mwenyewe halipeleki shambani?